Mbegu, Maarifa na Ustawi wa Nchi Yetu

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, na kuchapwa hapa kwa agizo la Halmashauri



 Nimeombwa nieleze jinsi uvumbuzi wa vitu vipya na mabadiliko ya ufundi yanavyoongeza mali ya nchi. Jambo hili huandikwa sana katika vitabu vya wataalamu wa uchumi, lakini sisi wenye wanachama huku Kitale na kule Bungoma hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wake. Mmoja wa mifano iliyo mashuhuri katika Afrika nzima ulizaliwa papa hapa petu, nao ni mfano wa punje ya mahindi.

Yafaa kwanza niseme kwa nini jambo hili lakihusu chama cha ustawi. Chama chetu hukusanya ada ili tusaidiane katika misiba, magonjwa na karo za shule. Kazi hiyo ni njema, na hapana budi iendelee. Lakini mfuko wa msaada hugawa mali iliyokwisha kupatikana. Hauzai mali mpya. Leo mbele yenu iko hoja ya kutenga sehemu moja katika kumi ya ada za mwaka ujao kwa ajili ya mashamba mawili ya majaribio na mafunzo ya ufundi kwa vijana wetu. Wako wanachama waliosema waziwazi kwamba fedha za misiba zisiguswe. Hawakukosa sababu, kwa maana maiti haingoji mavuno. Naomba basi msikilize habari hii ya mahindi yote, faida yake na hasara yake, ndipo mwamue.

ARDHI HAIONGEZEKI

Tuanze na hesabu ambayo kila mzee hapa aijua. Mtu mwenye ekari 12 na wana wanne humwachia kila mmoja ekari 3. Kila mwana naye akipata wana watatu, mjukuu atarithi ekari 1. Baraka ya uzazi haikupungua, na mvua huenda ikanyesha kama zamani, lakini ekari hazikuzaliana. Ikiwa mjukuu atalima vile vile alivyolima babu yake, kwa jembe lile lile na mbegu ile ile, hakika atakuwa maskini kuliko babu yake, hata akifanya kazi kwa bidii kumshinda.

Kwa hiyo bidii peke yake haitoshi. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Robert Solow, alichapa mwaka 1957 hesabu ya uchumi wa nchi yake tangu mwaka 1909 hata mwaka 1949. Aliona kwamba pato la saa moja ya kazi ya mtu lilikuwa limeongezeka maradufu, na kwamba karibu sehemu saba katika nane za ongezeko hilo hazikutokana na kuongezwa kwa mitambo na majengo, bali zilitokana na mabadiliko ya ufundi. Kwa neno hilo alikusanya mambo mengi: zana bora, elimu ya wafanyakazi, na utaratibu mwema wa kazi. Maana yake ni kwamba nchi haitajiriki kwa kurundika majembe. Hutajirika kwa kujua la kufanya na jembe, na kwa kujua siku ya kuliweka chini na kushika kitu kingine.

Mwaka 2025 wataalamu watatu, Joel Mokyr, Philippe Aghion na Peter Howitt, walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi kwa sababu ya kueleza jambo hili hili. Mokyr, ambaye ni mwanahistoria, ameonyesha kwamba ufundi hudumu kukua pale ambapo mtu ajuaye namna ya kufanya kazi hukutana na mtu ajuaye kwa nini kazi hiyo hufaulu. Wenzake wawili walionyesha kwamba kila kitu kipya kinachofaulu hukiondoa cha zamani mahali pake, na kwamba katika kila maendeleo wako wenye kupata na wako wenye kupoteza. Naomba mweke maneno hayo mawili akilini, kwa maana tutayakuta yote mawili katika mashamba yetu wenyewe.

KABLA YA MBEGU MPYA

Zamani wazee wetu walilima wimbi na mtama. Halafu mahindi yakaja, yakapendwa kwa sababu hayasumbuliwi sana na ndege, tena huvunwa na kusagwa kwa wepesi. Jembe la kukokotwa na ng'ombe likaja pia, nalo likamwezesha mtu mmoja kulima shamba ambalo zamani lilihitaji ukoo mzima. Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Kabla ya hapo mazao ya Trans Nzoia yalikuwa yakivutwa kwa magari ya ng'ombe katika matope. Njia kuu ya reli iendayo Uganda ilipita Bungoma, na mji ukakua kandokando ya stesheni.

Hayo yote yalikuwa mabadiliko ya ufundi, lakini hayakumfikia kila mtu kwa haki. Katika siku za ukoloni mashamba ya Trans Nzoia yalitengwa kwa ajili ya Wazungu, na wengi wa wazee wetu kutoka Bungoma walikwenda huko kama vibarua. Waliona trekta, waliona mbolea ya chumvichumvi, waliona mashamba yaliyopandwa kwa mistari; lakini mwisho wa mwezi walirudi nyumbani na mshahara mdogo. Walipata maarifa ya macho bila kupata ardhi ya kuyatumia. Nalitaja jambo hili kwa sababu wakati ulipofika, yale macho yao ndiyo yaliyokuwa mtaji.

KAZI ILIYOFANYIKA KITALE

Mwaka 1955, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Kitale, ilianza kazi ya kuzalisha mbegu bora za mahindi chini ya mtaalamu aitwaye Michael Harrison. Mahindi yaliyokuwapo yalikuwa meupe, ya punje pana, yenye asili ya mbegu zilizoletwa na walowezi kutoka kusini mwa Afrika. Yalistawi vema katika nchi yetu ya juu, lakini uzao wake ulikuwa na mpaka. Kutokana na hayo walichagua na kuchanganya vizazi hadi wakapata mbegu iliyoitwa Kitale Synthetic II, ambayo ilitolewa kwa wakulima mwaka 1961.

Hata hivyo, hatua kubwa ilitoka mbali. Watafiti walileta mbegu kutoka Amerika ya Kusini na ya Kati, kwenye asili ya mahindi yenyewe, wakazipanda Kitale wazitazame. Mojawapo ilitoka katika milima ya Ecuador, nchi iliyo juu kama yetu, nayo ilijulikana kwa namba 573. Ikipandwa peke yake haikuwa kitu cha kustaajabisha. Ilipoozwa na ile ya Kitale, watoto wao waliwashinda wazazi wote wawili. Mbegu hiyo chotara ilipewa namba 611, na mwaka 1964 ikatolewa kwa wakulima.

Yafaa tufahamu jinsi inavyotengenezwa, kwa maana hapo ndipo siri ya biashara yake ilipo. Aina mbili hupandwa katika shamba moja, mistari ya baba na mistari ya mama. Watu hupita katika mistari ya mama wakiondoa mbelewele kabla hazijamwaga vumbi lake, ili mama apate vumbi la baba peke yake. Punje za mama ndizo mbegu. Mkulima akizipanda hupata nguvu ya uchotara. Lakini akiweka akiba ya mavuno yake na kuyapanda tena mwaka wa pili, nguvu hiyo hupungua. Kwa hiyo ni lazima anunue tena. Jambo hili ni baraka na mzigo pia. Ni baraka kwa sababu humpa mtengenezaji wa mbegu faida ya kuendelea kutengeneza nyingine bora. Ni mzigo kwa sababu mkulima asiye na fedha mwezi wa Machi hana mbegu.

Kampuni ya mbegu ilikuwa tayari mjini Kitale. Kenya Seed Company iliundwa mwaka 1956, na kazi yake ya kwanza ilikuwa mbegu za majani ya malisho. Mbegu chotara za mahindi zilipotokea ndiyo iliyozizidisha na kuziuza. Basi katika mji mmoja palikuwa na mtafiti ajuaye kwa nini, kampuni ijuayo namna, na pande zote wakulima wenye macho. Hayo hayakutoka mbinguni. Yalijengwa kwa miaka.

KWA NINI ILIENEA UPESI

Katika Marekani mbegu chotara za mahindi zilienea tangu miaka ya 1930. Mtaalamu Zvi Griliches alipochunguza jambo hilo na kulichapa mwaka 1957, aliona kwamba wakulima wa Iowa walizipokea mapema na upesi, lakini wale wa Alabama walichelewa. Hakusema kwamba watu wa Alabama walikuwa wajinga. Alionyesha kwamba mbegu zinazofaa udongo na hewa ya kwao zilichelewa kufika, na faida ya kuzipanda ilikuwa ndogo. Tena alieleza kwamba uchotara si uvumbuzi wa mbegu moja. Ni njia ya kuvumbua mbegu, ambayo kila nchi yapaswa kuitumia upya kwa mahali pake.

Hapa Kenya vivyo hivyo. Kitale walizalisha mbegu za nchi ya juu, Embu wakazalisha za nchi ya kadiri, na Katumani, karibu na Machakos, wakazalisha za nchi kavu. Na John Gerhart, aliyechunguza wakulima wa magharibi ya Kenya na kuchapa kazi yake mwaka 1975, aliona kwamba katika sehemu zinazoifaa mbegu hiyo kasi ya kupokewa kwake haikushindwa na kasi ya wakulima wa Marekani. Wakulima hao wengi walikuwa na ekari chache, na wengine hawakupata kusoma shule. Wale waliozoea kusema kwamba Mwafrika huogopa kipya walijibiwa na shamba.

Sababu za kasi hiyo zaweza kuhesabiwa. Ya kwanza, faida ilionekana kwa macho, ng'ambo ya ua wa jirani. Ya pili, mbegu iliuzwa katika mifuko midogo, hata katika maduka ya vijijini, wala hapakuwa na haja ya kuwa na shamba kubwa ili kununua. Ya tatu, ilitokea wakati uhuru ulipokuwa unafungua ardhi. Katika miaka ya 1960 watu walipewa mashamba katika mipango ya makazi kama Naitiri na Ndalu, na yule kibarua wa jana akawa mwenye shamba. Ya nne, mabwana shamba walikwenda mashambani wakaonyesha upandaji.

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini hata chema hakijiuzi mahali pasipo duka, wala barabara, wala mwenye kueleza. Uvumbuzi ulio katika chupa ya mtafiti haujawa mali. Huwa mali siku ile mjane mwenye nusu ekari anapoweza kuununua kwa fedha alizo nazo, umbali wa mwendo wa miguu.

MBEGU HAIENDI PEKE YAKE

Katika miaka ya 1960 watafiti wa Kitale walifanya majaribio mengine ambayo, kwa maoni yangu, hayatajwi vya kutosha. Walipanda mahindi kwa namna nyingi: wengine mapema, wengine kwa kuchelewa, kwa palizi safi na kwa palizi mbaya, kwa mbegu ya kienyeji na kwa mbegu chotara, kwa mbolea na bila mbolea. Ilionekana kwamba mtu aliyechelewa kupanda na kuacha magugu hakupata faida kubwa hata akinunua mbegu na mbolea bora. Tena ilionekana kwamba mwenye kupanda mapema na kupalilia vema aliweza kumshinda huyo hata kwa mbegu ya zamani. Lakini yule aliyeunganisha yote, wakati, palizi, mbegu na mbolea, alipata mavuno ambayo kila moja peke yake lisingeyafikia.

Funzo lake ni kubwa. Kitu cha kununuliwa na maarifa yasiyonunuliwa ni kama ng'ombe wawili wa plau. Ukimfunga mmoja, mtaro utakwenda upande.

Tena yafaa tuulize, palizi hiyo safi hufanywa na nani? Katika nyumba nyingi hufanywa na mama na binti. Mavuno yakiongezeka, kubeba, kupukuchua na kukausha huongezeka pia. Ikiwa gunia la kumi na nane limepatikana kwa kumtoa msichana shuleni mwezi wa palizi, basi hesabu yetu ya maendeleo ina tundu. Kwa hiyo mashine ya kupukuchua na turubai la kuanikia si vitu vidogo, nazo zahesabiwa katika uvumbuzi sawasawa na mbegu.

Na hesabu yenyewe ifanywe kwa ukamilifu. Tuchukue mfano tu. Mtu avuna magunia 10 katika ekari moja, na gharama zake zote ni thamani ya magunia 4. Abaki na 6. Mwaka ufuatao, kwa njia mpya, avuna magunia 18 kwa gharama ya magunia 7. Abaki na 11. Majirani watasema ameongeza magunia 8, lakini kweli ameongeza 5. Na ikiwa wote wamevuna vema na bei imeanguka, huenda asiongeze kitu. Bila ghala na kikausho, mwenye mavuno mengi ni mtumwa wa bei ya mwezi wa Novemba.

KIPYA HUZEEKA

Sasa nafika kwenye upande wa hasara. Baada ya 611 zilikuja nyingine, na mashuhuri kuliko zote ni 614, mbegu ya miaka ya 1970 na 1980. Wakulima waliipenda kwa uzito wake na kwa unga wake. Lakini wengi waliendelea kuipanda hata baada ya mwaka 2010, ingawa mbegu mpya zilikuwa zimetolewa. Kitu kilichoingia kama uvumbuzi kiligeuka kuwa desturi, na desturi haina macho.

Wakati huo adui walikuwa hawalali. Mwaka 2011 ugonjwa wa kuua mahindi ulionekana Bomet, ukaenea katika wilaya nyingi. Shamba lilikauka kabla ya punje kujaa. Mwaka 2017 viwavi jeshi wa aina mpya, wenye asili ya Amerika, walionekana magharibi ya Kenya, wakala majani mpaka moyo wa mhindi. Udongo nao umebadilika. Mashamba yaliyotiwa mbolea ya aina moja kwa miaka mingi bila samadi wala chokaa yamekuwa na uchachu, na mmea hauwezi kula hata chakula kilichomo ardhini. Mahali pengi sasa shilingi ya chokaa yafaa kuliko shilingi ya mbolea; lakini hilo halijulikani ila kwa kupima udongo.

Hali kadhalika yako yaliyopotea. Mashamba ya wimbi yalipungua, na pamoja nayo maarifa ya mama zetu ya kuchagua mbegu na kuzihifadhi. Nyumba iliyoweka chakula chake chote katika mhindi mmoja hushikwa na njaa mara moja ugonjwa ukiingia. Ndiyo maana ya yale maneno, kwamba kipya huondoa cha zamani. Mwenye hekima huangalia asitupe ghala pamoja na panya.

Webuye twauona mfano mwingine. Kiwanda kikubwa cha karatasi kilijengwa huko katika miaka ya 1970, na mji mzima ukategemea mitambo yake. Mwaka 2009, kikiwa kimelemewa na madeni, mitambo ilisimama. Maduka yalifungwa, na nyumba za kupanga zikabaki tupu. Sisemi viwanda vikubwa havina faida. Vina faida sana. Nasema kwamba mtambo usiofanywa upya, na ambao funguo zake zi mikononi mwa wachache, waweza kusimamisha mji mzima kwa siku moja. Mbegu iliyo mikononi mwa watu elfu haisimami hivyo.

UVUMBUZI WA SIKU HIZI

Basi tusidhani kwamba habari iliisha mwaka 1964. Kituo cha ICIPE, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kilituletea katika miaka ya 1990 njia ya kusukuma na kuvuta, kazi iliyoongozwa na Zeyaur Khan huko Mbita. Mkulima hupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, na majani ya napia kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wa funza wa mabua, na napia huwavuta nje. Tena mizizi ya desmodiamu hulishinda kiduha, lile gugu la maua ya zambarau linalofyonza mizizi ya mahindi na ambalo wakulima wengi wa Bungoma walijua. Na yote mawili ni chakula cha ng'ombe, kwa hiyo shamba hutoa unga na maziwa. Hapa mwenye kujua kwa nini na mwenye kujua namna wamekutana tena. Lakini mwaka wa kwanza una kazi nyingi, na mbegu ya desmodiamu si rahisi kupatikana. Hilo nalo liandikwe.

Uvumbuzi mwingine hauna mbegu wala mashine, ni utaratibu tu. Shirika la One Acre Fund lilianza Bungoma mwaka 2006 kwa wakulima wasiofika 50. Wakulima walijiunga katika vikundi, wakapewa mbegu na mbolea kwa mkopo karibu na kwao, wakafundishwa, wakalipa kidogo kidogo. Mwaka 2007 ikaja M-Pesa, na fedha ikaanza kusafiri kwa simu. Wataalamu Tavneet Suri na William Jack, katika utafiti waliouchapa mwaka 2016, walikadiria kwamba huduma hiyo ilikuwa imezitoa kaya 194,000 katika umaskini, yaani asilimia 2 ya kaya zote za Kenya. Hakuna punje iliyoongezwa wala ekari iliyozaliwa. Palipunguzwa gharama na hatari ya kufikishiana fedha, basi.

Hapo yatupasa tukumbuke jambo la uaminifu. Mbegu chotara na mahindi ya kula hufanana machoni, na mdanganyifu aweza kuyapaka rangi akayauza. Mwaka 2024 mbolea isiyofaa iligunduliwa katika nchi yetu, ikiwa imekwisha kuwafikia wakulima. Mtu aliyedanganywa mara moja hapotezi mavuno ya mwaka ule tu; hupoteza pia moyo wa kujaribu. Kwa hiyo anayeuza mbegu bandia huiba uvumbuzi wa miaka kumi ijayo.

HOJA ILIYO MBELE YENU

Bwana Mwenyekiti, sasa narudi kwa wale wanaoogopa kwa ajili ya mfuko wa misiba. Hofu yao ni ya kweli, na hoja iliyoandikwa imejaribu kuijibu kwa masharti manne.

Sharti la kwanza, sehemu itakayotengwa ni moja katika kumi, wala haitaongezwa kabla ya mkutano huu kukaa tena. Mkulima mwenye akili hujaribu mbegu mpya katika pembe ya shamba, si katika shamba zima. Nasi tufanye vivyo hivyo.

Sharti la pili, mashamba yawe mawili. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na Bungoma karibu mita 1,400. Mbegu inayohitaji miezi sita na zaidi huku juu yaweza kuwa si ile inayofaa kule chini, ambako watu hutaka kupanda mara mbili. Tusirudie kosa la kumpa Alabama mbegu ya Iowa.

Sharti la tatu, kila shamba ligawanywe nusu kwa nusu, desturi upande mmoja na njia mpya upande wa pili, na udongo upimwe kabla ya kupanda. Mbegu inunuliwe kwa wenye kibali, na kibandiko chake kihakikishwe kwa simu. Daftari liandikwe si magunia tu, bali na shilingi zilizotumika na siku za kazi, za wanaume na za wanawake mbali mbali. Ekari ndogo ya wimbi iwemo, ili watoto wetu waijue.

Sharti la nne, vijana wawili, mmoja wa kila upande na mmoja wao awe msichana, wafundishwe kutengeneza mashine za kupukuchua, vikausho na pampu. Mashine isiyo na fundi wa karibu ni chuma tu.

Na mwisho wa mwaka daftari hilo lisomwe mbele yenu lote, liwe la faida au la hasara. Hata jaribio lililoshindwa ni mali ya chama ikiwa limeandikwa kwa ukweli, kwa maana litawaokoa wanachama wote wasipoteze katika mashamba yao kile kilichopotea katika shamba moja.

Sina ahadi ya utajiri. Mahindi ya Kitale hayakumtajirisha kila mtu, na yalihitaji miaka tisa ya kazi tangu mwaka 1955 kabla ya mkulima kununua mfuko wa kwanza wa 611. Lakini tukiulizwa ni nini kilichowawezesha watu wengi wa nchi hii kula na kusomesha watoto huku ekari zikipungua, kazi ile ni sehemu kubwa ya jibu. Wenzetu waliianza bila kujua kama itafaulu. Msiba utakuja, nao mfuko utaukuta umejazwa kwa sehemu tisa. Njaa ya ardhi nayo inakuja, na kwa ajili yake hatujaweka hata senti.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hoja iko mikononi mwenu.